Anapita Mbele ya Macho: Jinsi Mhamiaji Anavyofanywa Asionekane

Mtu usiyemjua anakusimamisha njiani, ramani mkononi, anauliza jengo fulani liko upande gani. Unaanza kumwelekeza. Maelezo hayajafika nusu, watu wawili waliobeba mlango wanakata katikati yenu, wanakuziba macho kwa kitambo kidogo, kisha wanaendelea na safari yao. Unamalizia maelezo, mnaagana. Usichojua ni kwamba uliyemalizia kumwelekeza siye aliyekuuliza. Mlango ulipopita, yule wa kwanza aliushika akaondoka nao, na mwenzake mwenye kimo tofauti, nguo tofauti na sauti tofauti akabaki mbele yako ameshika nakala ya ramani ileile.

Jaribio hilo lilifanywa na wanasaikolojia Daniel Simons na Daniel Levin katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Kati ya wapita njia 15, ni 7 tu waliogundua kwamba mtu amebadilika. Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, wakacheka udhaifu wa macho ya binadamu, mambo yakaisha. Kwangu mimi uhondo uko katika sehemu ya pili. Watafiti waliona kwamba waliogundua walikuwa vijana wa rika lao, na waliopitwa walikuwa watu wa umri mkubwa zaidi. Wakajiuliza kama mtu humtazama vizuri yule tu anayemhesabu kuwa mwenzake. Basi wakarudia jaribio, safari hii wamevaa kama vibarua wa ujenzi, kofia ngumu kichwani, na wakawasimamisha vijana tu. Kati ya vijana 12, waliogundua walikuwa 4. Mmoja wa waliopitwa alieleza baadaye kwamba alichoona ni kibarua wa ujenzi, basi. Sura yake hakuishika.

Jaribio lile halikuwa la uhamiaji. Ila yeyote anayetaka kuelewa kwa nini watu wengi wanaoishi na kufanya kazi ugenini hupita mbele ya macho ya wenyeji kama hewa, anaweza kuanzia hapo, kwa sababu linaondoa jibu la haraka kwamba wenyeji wana roho mbaya. Vijana wale wa Cornell hawakuwa na chuki na mtu. Walisimama, wakasaidia, wakaelekeza kwa upole. Walichokosa ni kumwona waliyekuwa wakimsaidia.

Wala si suala la uchache. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 watu wapatao milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi zao za asili, yaani takriban asilimia 3.7 ya watu wote duniani. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wahamiaji milioni 167.7 walikuwa katika nguvu kazi ya nchi walizohamia, ama kazini ama wakitafuta kazi. Na ukitaka ushahidi kwamba wingi peke yake haumfanyi mtu aonekane, angalia Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako zaidi ya wakazi saba kati ya kila kumi ni watu waliotoka nchi nyingine. Wahamiaji ndio wengi kupita kiasi, na bado mfagizi wa barabara anayetoka Asia Kusini au mlinzi anayetoka Afrika Mashariki hupitwa kama nguzo ya taa. Kwa hiyo kutoonekana ni kitu kinachotengenezwa. Macho yana mchango wao, lakini sare, saa za kazi, mikataba na sheria vina mchango mkubwa zaidi, na wakati mwingine mhamiaji mwenyewe anaongeza wake, kwa akili zake timamu.

Kupisha macho na kupitisha macho

Mwaka 1963 mwanasosholojia Erving Goffman alieleza kanuni ambayo watu wa mijini huifuata bila kufundishwa na mtu. Wageni wawili wanapokaribiana kwenye njia ya miguu, kila mmoja humtupia mwenzake jicho, kiasi cha kuonyesha kwamba amemwona na hana shari naye, kisha hupisha macho. Kutomkodolea mtu macho ni namna ya kumheshimu. Bila kanuni hiyo mji mkubwa usingekalika. Hebu fikiria kupanda treni ya asubuhi na kulazimika kumsalimia kila abiria kwa jina la baba yake. Kwa hiyo si kila anayekupita kimya amekudharau, na makala nyingi za kulalamikia ubaridi wa miji mikubwa huchanganya mambo hapa.

Lakini Goffman huyohuyo, mwaka 1959, alikuwa ameshaandika juu ya hali nyingine: mtu aliyepo chumbani huku wenzake wakiendelea na mambo yao kana kwamba hayupo. Mfano wake mkuu ulikuwa mtumishi. Mwanafalsafa wa Ujerumani Axel Honneth alilirudia wazo hilo mwaka 2001 kwa mfano unaouma zaidi: mabwana wa zamani waliokuwa wakivua nguo zote mbele ya watumishi wao bila haya. Haya huja pale penye jicho la mtu mwingine. Wao hawakuliona jicho lolote chumbani. Honneth anasisitiza kwamba hiki ni kitendo. Kumtazama mtu na kumpitisha macho ni jambo linalofanywa, hata kama anayelifanya ameshazoea kiasi cha kutolihisi.

Kwa nje hali hizi mbili zinafanana, na ndiyo maana ni rahisi kujitetea. Tofauti huonekana kwenye vitu vidogo. Wafanyakazi wawili wa ofisi wanaingia kwenye lifti wakinong'ona nani atapunguzwa kazi mwezi ujao. Mlango unafunguka ghorofa ya tatu, anaingia mwenzao wa idara nyingine: mazungumzo yanakatika papo hapo, mmoja anaanza kuzungumzia hali ya hewa. Ghorofa ya tano mwenzao huyo anashuka, anaingia mama anayesukuma toroli la usafi, ndoo na madawa yake. Yeye anapokuwa peke yake nao, mazungumzo yanarudi palepale yalipoishia, majina na mishahara na yote. Huyo hajapishwa macho kwa adabu. Ameondolewa kwenye hesabu ya watu waliomo ndani ya lifti.

Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni anayestahili kuchunguzwa si yule anayekuja leo na kuondoka kesho, bali anayekuja leo na kesho akabaki. Mpita njia hana tatizo. Humpa kila mtu nafasi ya kuwa mkarimu kwa dakika moja. Anayebaki ndiye anayehitaji kupangiwa mahali, na mahali wahamiaji wengi wanapopangiwa ni nyuma ya pazia.

Pazia lenyewe linafumwa na nani

Tukiacha macho, tuje kwenye ratiba. Maofisi mengi ya miji mikubwa husafishwa kabla wenye meza hawajafika au baada ya kuondoka. Hakuna sharti la kisayansi kwamba vumbi lifutwe saa kumi na moja alfajiri. Ni uamuzi, na matokeo yake ni kwamba watu wawili wanaotumia chumba kimoja kila siku, mmoja akitupa karatasi kwenye pipa na mwingine akilimwaga pipa hilo, wanaweza kumaliza miaka bila kukutana. Anayefika asubuhi hukuta meza inang'aa, na hana sababu ya kujiuliza imeng'aaje.

Juu ya ratiba kuna kandarasi. Mwenye jengo huipa kazi kampuni ya usafi, kampuni ya usafi huikata vipande na kuvigawa kwa kampuni ndogo, kampuni ndogo hutafuta watu kupitia wakala. Ukimuuliza mfanyakazi bosi wake ni nani, anaweza kukutajia msimamizi wa zamu na asijue zaidi ya hapo. Malalamiko yake yakipanda ngazi hii, kila kidato humwelekeza kwa mwingine. Mjini Los Angeles, wafanyakazi wa usafi wa majengo, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, walilielewa hilo vizuri. Waliacha kuikimbiza kampuni ndogo peke yake na kuandamana mbele ya majengo yenyewe, mchana kweupe, mahali ambapo wenye majengo na wapangaji wao wasingeweza kuwakwepa. Tarehe 15 Juni 1990 polisi waliwapiga waandamanaji katika eneo la Century City. Picha zilionekana kila mahali, na katika wiki zilizofuata wafanyakazi walipata mkataba. Tarehe hiyo mpaka leo huadhimishwa na vyama vya wafanyakazi wa usafi.

Kisa cha Paris ni cha karibuni zaidi. Julai 2019, wanawake wasafisha vyumba wa hoteli moja kubwa kaskazini mwa jiji hilo, wengi wao wenye asili ya Afrika, waligoma. Kisheria hoteli haikuwa mwajiri wao. Mwajiri alikuwa kampuni ya kandarasi. Walitakiwa kumaliza chumba kimoja kwa dakika 17 hivi. Dakika 17 ni za kutoa mashuka, kutandika upya, kusugua choo na bafu, kufuta vumbi na kupiga deki, na hapo bado mgeni aliyetapika zuliani hajahesabiwa. Ambaye hakuwahi kumaliza kwa muda huo aliendelea kwa saa zisizolipwa. Mapambano yao yalidumu miezi 22, wakipiga ngoma na kucheza mlangoni, na Mei 2021 wakapata nyongeza ya mshahara na kupunguziwa kasi ya kazi. Mmoja wa viongozi wao, Rachel Keke, mzaliwa wa Côte d'Ivoire aliyepata uraia wa Ufaransa mwaka 2015, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2022.

Watu hupenda kukimalizia kisa hicho kwa shangwe za mama msafisha vyumba aliyeingia bungeni. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Ilibidi wanawake hao wapambane miezi 22 ili waonwe na wageni waliolala kwenye mashuka waliyoyatandika wao.

Dakika mbili chooni

Niliwahi kukutana na jambo hili mwenyewe katika choo cha wanawake cha uwanja wa ndege mmoja, nikisubiri ndege ya kuunganisha. Nilikuwa nanawa mikono huku nazungumza na dada yangu kwenye simu, kwa Kiswahili na kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba hakuna anayemwelewa. Nilipokata simu, nikasikia nyuma yangu: "Habari za safari, dada?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sare ya kijivu, anakamua deki. Nilikuwa nimempita nikiingia, na ukinibana niseme alivyofanana, nisingeweza.

"Nzuri, dada. Kumbe wa nyumbani!"

"Wa nyumbani," akajibu, mikono inaendelea. "Mvua zimeanza huko?"

Nikamwambia zimeanza. Akauliza bei ya unga, akauliza kama barabara fulani imeisha, maswali ya mtu anayejaribu kupima umbali. Nami, kwa furaha ya kukutana, nikatoa simu nikamwomba jina na namba niwasalimie ndugu zake nikifika. Akatikisa kichwa.

"Usiandike, dada. Pale nje kuna kamera," akaonyesha kwa kidevu, "na supavaiza hataki tuongee na abiria."

Mlango ukafunguka, akaingia mtu mwenye redio ya mkononi. Uso wa yule mwanamke ukafungwa kama dirisha. Akainama, akapiga deki kuelekea kona ya mbali, na nilipopita akanishukuru kwa Kiingereza cha kikazi, kama mtu ambaye hatujawahi kusemezana.

Nilitoka nimeudhika kidogo, nikidhani nimekataliwa. Baadaye ndipo nilipopata akili ya kulitazama jambo upande wake. Yeye aliniona tangu naingia, alisikia habari zangu zote za nyumbani, akapima, akaamua lini anisemeshe na lini anyamaze. Kati yetu wawili, aliyekuwa haoni ni mimi. Na mimi, kwa nia njema kabisa, nilikuwa natoa simu hadharani ili kumwonyesha mtu aliyekuwa na sababu zake za kutoonyeshwa.

Makaratasi

Sababu zenyewe mara nyingi ni za kisheria. Katika nchi kadhaa za Mashariki ya Kati, uhamiaji wa kazi umejengwa juu ya mfumo wa kafala, ambamo kibali cha ukaazi cha mfanyakazi hufungwa kwa mdhamini wake. Kumwacha mwajiri bila ruhusa kunaweza kumgeuza mtu aliyeingia kihalali kuwa mtoro ndani ya siku moja. Yapo mageuzi: Qatar, kwa mfano, mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata barua ya ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhama kazi. Lakini mfanyakazi wa ndani anayelala nyumbani kwa mwajiri, pasipoti yake ikiwa kabatini kwa mwajiri, hahitaji kusoma sheria ili ajue ni nani ameshika mpini.

Kwingineko kamba ni nyingine. Ujerumani ina kifungu katika sheria ya ukaazi kinachozitaka ofisi za umma kutoa taarifa kwa idara ya uhamiaji zinapojua kwamba mtu hana kibali. Mwaka 2011 shule zilitolewa katika wajibu huo. Maana yake mtoto asiye na makaratasi anaweza kukaa darasani bila mwalimu mkuu kulazimika kumripoti. Mama yake akihitaji ofisi ya ustawi wa jamii imlipie matibabu ya kawaida, hiyo ofisi haijatolewa. Familia moja, wawili wanaolala kitanda kimoja, mmoja anaruhusiwa kuonekana mchana na mwingine inambidi augue kimyakimya. Huwezi kumlaumu mama huyo kwa kutojichanganya na jamii.

Na kuna kutoonekana kwa aina ya tatu, kunakowapata waliodhani wameshavuka yote haya. Uingereza iliwapokea watu wa Karibiani kuanzia miaka ya 1940, meli ya Empire Windrush ikiwa imetia nanga Tilbury Juni 1948. Waliokuja kabla ya mwaka 1973, wengi wakiwa watoto kwenye pasipoti za wazazi wao, walikuwa na haki ya kukaa. Walisoma, wakafanya kazi, wakalipa kodi, wakazaa. Serikali ilipoanza kuwataka waajiri, wenye nyumba na hospitali kukagua vibali, wengi wao hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha kile ambacho majirani zao wote walikijua. Kadi za kuingilia nchini, ambazo zingesaidia wengine, zilikuwa zimeharibiwa mwaka 2010. Watu walipoteza kazi, wengine wakanyimwa matibabu, wengine wakafukuzwa nchini. Kashfa ilipolipuka mwaka 2018, waziri wa mambo ya ndani alijiuzulu. Hawa walionekana mtaani kwa miongo mitano. Asiyewaona alikuwa faili.

Basi ukisikia mtu akisema wahamiaji "wanaishi gizani", swali la kumuuliza ni taa imeshikwa na nani. Mwaka 1996 wahamiaji wapatao 300 wasio na makaratasi, wengi kutoka Mali na Senegali, waliingia katika kanisa la Saint-Bernard mjini Paris na kukaa humo wiki kadhaa wakidai vibali. Walitoa majina yao, wakapigwa picha, wakahojiwa. Hiyo ilikuwa kamari: kutoka mafichoni ni kujikabidhi. Tarehe 23 Agosti polisi walivunja mlango wa kanisa kwa mashoka. Baadhi walipata vibali, baadhi walirudishwa makwao. Neno "wasio na makaratasi" likawa tangu hapo jina ambalo watu hao hulibeba wenyewe kwenye mabango, badala ya lile la "haramu" walilobandikwa.

Na kuonekana kupita kiasi

Kinachochanganya watu wengi ni kwamba mtu huyohuyo anayepitwa kama hewa asubuhi, jioni anaweza kuwa ndiye pekee anayeonekana kwenye umati. Tarehe 6 Desemba 1992, mwanamke aitwaye Rosalind Williams alishuka kwenye treni katika kituo cha Valladolid, Hispania, akiwa na mumewe na mtoto wao. Alizaliwa Marekani, na alikuwa raia wa Hispania tangu 1969. Polisi akamwendea na kumtaka kitambulisho. Hakumtaka mume, wala abiria wengine. Alipoulizwa sababu, polisi alieleza kwamba ameagizwa kuwakagua watu wenye rangi kama yake. Mahakama ya Katiba ya Hispania haikuona kosa. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona, mwaka 2009, miaka karibu 17 baadaye.

Huo nao ni mkutano mfupi na mgeni. Dakika chache kwenye jukwaa la treni. Polisi yule alimwona Rosalind haraka kuliko alivyomwona mtu mwingine yeyote, lakini alichokiona kilikuwa ngozi, kama vijana wa Cornell walivyoona kofia. Asiyeonekana na anayeonekana kupita kiasi wamepitia mashine moja: wote wawili wametazamwa kama mfano wa kundi.

Picha za habari hufanya kazi ileile. Mhamiaji huonyeshwa kwenye boti lililofurika, kwenye foleni, mgongo ukielekea kamera, au mkono ulioshika waya. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, linalohesabu vifo vya njiani tangu 2014, liliandika vifo visivyopungua 8,900 kwa mwaka 2024 pekee, na wengi wa marehemu hao hawajulikani majina. Takwimu hizo ni za lazima. Lakini msomaji aliyezoea kuuona umati baharini hana picha yoyote akilini ya mhamiaji akijaza fomu ya kodi au akigombana na mwanawe kuhusu kazi ya shule, yaani maisha ya wengi wa wale milioni 304.

Ipo pia njia ya kuonekana kwa ushujaa, na hii ndiyo inayopendwa zaidi na wanasiasa. Tarehe 26 Mei 2018, Mamoudou Gassama, kijana wa miaka 22 kutoka Mali asiye na makaratasi, alipanda roshani nne za jengo mjini Paris kwa mikono mitupu na kumwokoa mtoto aliyekuwa ananing'inia. Baada ya siku mbili alikuwa ameketi na Rais Emmanuel Macron, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa raia. Wakati wa korona, Ufaransa iliwarahisishia uraia wafanyakazi wa kigeni waliokuwa mstari wa mbele: walezi, wafanyakazi wa usafi, watu wa madukani. Kufikia Septemba 2021 zaidi ya 12,000 walikuwa wameupata. Nani atakataa jambo jema kama hilo? Lakini Gassama alikuwa yuleyule tarehe 25 Mei. Mwenyeji hatakiwi kukwea ghorofa ili ahesabike.

Salamu inafika wapi

Ushauri unaotolewa sana ni kwamba tuwasemeshe wageni. Una msingi. Nicholas Epley na Juliana Schroeder walionyesha mwaka 2014, kwa majaribio kwenye treni na mabasi ya Chicago, kwamba abiria walitegemea safari ya kimya iwe tamu zaidi, kumbe walioombwa kuzungumza na mtu wasiyemjua ndio waliofurahia zaidi. Woga wetu wa wageni umezidi hatari yake.

Ila angalia nani anafurahi. Abiria wawili kwenye treni wako sawa. Yeyote akichoka anaweza kufungua gazeti. Aliye zamu hawezi. Anayesafisha, anayelinda mlango au anayekuletea kifurushi hulipwa, pamoja na mengine, kwa kukuchekea, na swali la "unatoka wapi hasa?" analolichukulia mteja kama ukarimu, yeye hulisikia mara kadhaa kwa siku akiwa na kipimo chake kichwani: huyu ni mdadisi tu, ana dharau, au ni wa uhamiaji? Salamu ni nzuri. Ni nzuri zaidi ikiwa haidai chochote: jina, historia, wala shukrani. Na mtu akitaka kufanya zaidi ya salamu, ofisi yake ina mkataba wa usafi ambao umesainiwa na mtu fulani, una saa ndani yake na una viwango vya malipo. Kuuliza kwa nini usafi usifanyike mchana ni swali dogo la kikao, na wenye meza wachache huliuliza.

Upande wa dola, Tume ya Baraza la Ulaya dhidi ya Ubaguzi wa Rangi na Kutovumiliana ilizishauri nchi wanachama mwaka 2016 zijenge ukuta kati ya huduma na ukamataji, ili daktari, mwalimu na mkaguzi wa kazi wasigeuzwe kuwa macho ya idara ya uhamiaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao, uliopitishwa tarehe 18 Desemba 1990, unakwenda mbali zaidi kwenye kifungu cha 25: mwajiri haondolewi wajibu wake, wa kisheria au wa mkataba, kwa sababu tu mfanyakazi hana kibali. Kazi iliyofanyika ilipwe. Ilichukua zaidi ya miaka 12 kupata nchi za kutosha kuuridhia, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2003. Walioridhia wengi ni nchi ambazo watu wake huondoka kwenda kutafuta kazi. Marekani haimo, nchi za Ulaya Magharibi hazimo, wala za Ghuba.